Karani na Bwana Wake Wanapoachana

Masomo: Yeremia 45, Matendo ya Mitume 20:36 hadi 21:1



Alinijia mama mmoja wa usharika wetu hapa Kariakoo. Ilikuwa siku ya Jumatano, saa kumi za jioni, wakati mitaa yetu inaposongamana hata mtu hawezi kupita pasipo kugusana mabega na mwenzake. Akaketi katika ofisi ya usharika, mkoba wake magotini, asiseme neno kwa muda mrefu. Nikamwuliza, "Mama, kuna msiba?" Akajibu, "Hakuna aliyekufa, Baba Mchungaji. Nimekabidhi funguo."

Basi nikafahamu. Kwa miaka 31 mama huyu alikuwa karani wa mzee mmoja mfanyabiashara wa vitambaa, si mbali na soko. Alianza kazi hali ni msichana, akipiga barua kwa mashine ya taipu ambayo herufi moja ilikuwa imelegea. Mashine zikabadilika, akajifunza kompyuta, watu wa dukani wakabadilika mara nyingi, yeye akabaki. Alijua ni siku gani mzigo utatoka bandarini, na ni nani aliyelipa nusu akaahidi nusu. Alijua dawa za mzee na saa za kuzimeza. Ada za watoto wa mzee zilipopelekwa shuleni, ni yeye aliyezipeleka, na risiti akazitunza. Sasa watoto wale wamekua, wameishika biashara, nao wamemleta mtu wao. Akapewa barua ya siku 28 kama sheria isemavyo. Siku ya mwisho akaweka funguo juu ya meza, moja moja, akizitaja kazi zake. Mzee hakutoka chumbani mwake. Labda aliona haya, labda alikuwa mgonjwa. Mlango ulikuwa umefungwa, naye mama akaenda zake.

Nami nikasema neno ambalo sisi wachungaji huliweka karibu na ulimi. Nikamwambia, "Mama, Mungu atakulipa." Neno hilo ni kweli, walakini siku ile nililisema upesi, kama mtu anayetaka kufunga dirisha kabla mvua haijaingia. Mama akanitazama, akasema, "Baba Mchungaji, sikuja kudai malipo. Nimekuja kuuliza. Miaka yote hiyo, mimi nilikuwa nani kwake?"

Sikuwa na jibu, nikaomba naye, akaenda. Lakini swali lake halikwenda naye. Lilibaki kitini pale. Haya niandikayo ni matunda ya kulitafakari, nami nawaletea kwa sababu najua kwamba katika kila usharika wetu yupo mmoja aliyeulizwa swali hilo, au ambaye bado analiuliza moyoni.

Kitabu cha nabii Yeremia ni kirefu, sura zake ni 52, na ndani yake Bwana asema na wafalme, na makuhani, na Misri, na Babeli. Lakini katikati ya ngurumo hizo iko sura ya 45, fupi kuliko zote, mistari mitano tu. Na katika sura hiyo Mungu haneni na mfalme wala na taifa. Anena na karani. Jina lake Baruku mwana wa Neria, ambaye kazi yake ilikuwa kuketi karibu na Yeremia, kusikia kinywa chake, na kuandika kwa wino.

Tusiidharau kazi hiyo. Yeremia alizuiwa asiingie nyumbani mwa Bwana, ndipo Baruku akaingia badala yake na kuyasoma yale maneno mbele ya watu. Hatari ya maneno ilikuwa ya bwana wake, lakini miguu iliyoyapeleka ilikuwa ya karani. Na mfalme Yehoyakimu alipoletewa kile kitabu katika nyumba yake ya wakati wa baridi, kikakatwa vipande kwa kisu na kutupwa motoni. Kisu chenyewe, Maandiko yasema, kilikuwa kisu cha mwandishi, chombo kile kile cha kazi yake Baruku. Kisha mfalme akaagiza wakamatwe wote wawili. Basi Yeremia akatwaa gombo jingine, akampa Baruku, naye akaanza tena tangu mstari wa kwanza. Kila mtu aliyewahi kupoteza kazi ya miezi mingi kwa hasira ya mkubwa mmoja atafahamu maana ya kuanza tena tangu mstari wa kwanza.

Lakini lile neno la sura ya 45 lilimjia kabla ya moto, katika mwaka wa nne wa Yehoyakimu, alipokuwa bado anaandika kitabu cha kwanza. Baruku alikuwa amelalamika. Alisema ya kuwa Bwana amemwongezea huzuni juu ya maumivu, kwamba amechoka kwa kuugua, wala hapati raha. Nanyi angalieni, ndugu: Mungu hakumkemea kwa ajili ya kuugua kwake. Hakumwambia ya kwamba mtumishi mwaminifu halii. Alimwuliza jambo jingine: kama anajitafutia mambo makuu. Akamkataza asiyatafute. Mambo hayo makuu yalikuwa yapi, sura haisemi. Lakini twasoma mahali pengine ya kuwa Seraya, naye mwana wa Neria, alipata cheo katika nyumba ya mfalme Sedekia, na yamkini Baruku, ambaye kwa elimu na nasaba angeweza kupanda vivyo hivyo, alitumaini kwamba kwa kumtumikia nabii jina lake pia litakuwa kubwa. Wala si ajabu. Anayeandika maneno makuu mchana kutwa, jioni huona maisha yake kuwa madogo.

Kisha Mungu akampa ahadi moja. Hakumwahidi nyumba, wala cheo, wala kwamba Yeremia atamshukuru. Alimwahidi nafsi yake mwenyewe, kama mtu anayeondoka vitani na nyara mkononi. Na ahadi hiyo, asema Bwana, itakuwa kweli kila mahali atakakokwenda. Nimeisoma sura hii mara nyingi tangu Jumatano ile. Yule mama aliuliza alikuwa nani kwa bwana wake. Sura ya Baruku hailijibu swali hilo hata kidogo. Haisemi Baruku alikuwa nani kwa Yeremia. Yasema tu ya kuwa yuko Mmoja aliyemwita kwa jina lake, na nafsi aliyopewa huyo karani haikuwa mali ya nabii, hata nabii asiweze kuichukua wala kuirudisha.

Wako watakaosema, "Mchungaji, hayo ni ya Yerusalemu ya kale. Hapa kwetu je?" Basi na tuangalie hapa kwetu.

Jina la Kariakoo lenyewe ni jina la watumishi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliwakusanya watu wengi kuwa wapagazi, nao wakaliita jeshi hilo kwa lugha yao, na babu zetu wakalitamka kwa namna yao, likawa Kariakoo. Hapa ndipo ilipokuwa kambi yao baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Walibeba risasi za vita ambavyo havikuwa vyao, na wengi miongoni mwao, au warithi wao, hawakuupata mshahara wao wote hata mwisho. Katikati ya mji iko sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, na maandishi yake yanawataja wapagazi pia, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Hayatajwi majina yao. Nami hufikiri ya kuwa karani ni mpagazi wa maneno: mzigo si wake, safari si yake, lakini kichwa kinachouma ni chake.

Sasa niwaelezeni habari za mpagazi mmoja wa maneno ambaye jina lake twalijua, ingawa wengi wamelisahau. Mwaka 1960, nchi ikikaribia kujitawala, Mwalimu Julius Nyerere alimpata msaidizi wake wa binafsi, Mwingereza, Bibi Joan Wicken. Alikuwa amezaliwa mwaka 1925, akasoma katika Chuo cha Ruskin kule Oxford, chuo kilichowapokea watu wazima waliotoka kazini. Alifika Tanganyika katika miaka ya 1950, tena akafanya bidii ya kutafuta fedha ili nchi hii nayo ipate chuo cha namna ile. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1961 ng'ambo ya bandari, kikaitwa Kivukoni. Nanyi mnaovuka kwa pantoni kwenda Kigamboni mnayaona majengo yake, ingawa siku hizi chaitwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.

Alidumu na Mwalimu tangu mwaka ule wa 1960 hata 1994. Hesabuni: ni miaka 34. Mwalimu alikuwa Waziri Mkuu, Bibi Wicken yupo. Mwalimu akajiuzulu Januari 1962 ili akijenge chama chake vijijini, yupo. Akawa Rais Desemba mwaka ule ule, yupo. Azimio la Arusha likaja mwaka 1967, na vita na Idi Amin mwaka 1978, na miaka ya njaa ya sabuni na sukari, ambayo sisi tuliokuwa wachanga wakati ule twaijua kwa kusimuliwa na mama zetu. Mwaka 1985 Mwalimu akaiacha Ikulu, na hapo ndipo makarani wengi wa wakubwa huanza kutafuta mkubwa mwingine, kwa maana asiyekuwa na kiti hana cha kugawa. Yeye hakutafuta. Alibaki na mzee asiyekuwa Rais tena, katika miaka yake ya Msasani, na ya Tume ya Kusini ambayo Mwalimu aliiongoza tangu 1987 hata 1990.

Kazi yake ilikuwa pamoja na kumsaidia Mwalimu kutayarisha hotuba na maandiko yake ya Kiingereza. Hotuba zile zilikusanywa katika vitabu vitatu vikubwa, vilivyotoka mwaka 1966, na 1968, na 1973, na juu ya jalada limeandikwa jina la Mwalimu. Ndiyo haki, maana mawazo yalikuwa yake na lawama ingekuwa yake. Lakini ninyi mnaojua kazi ya kalamu mwafahamu jinsi karatasi moja iliyo safi ilivyo na karatasi nyingi zilizochanwa nyuma yake.

Simweki Bibi huyu katika orodha ya watakatifu, wala siingii katika siasa za wakati ule. Wako waliofaidiwa nazo na wako walioumizwa nazo, nanyi mwasoma karatasi ya kanisa. Nataka mtazame mwisho tu. Mwaka 1994 kazi yao ilikwisha. Mwalimu alikuwa na miaka 72, Bibi Wicken 69. Akarudi kwao Uingereza. Mimi sikuwamo chumbani walipoagana, wala sitatia maneno vinywani mwao. Lakini mtu asiniambie ya kuwa miaka 34 hukatwa kama uzi. Aliikuta nchi hii hali haijapata bendera yake. Akaiacha hali ya kuwa watoto waliozaliwa siku ile ya bendera wana watoto wao. Mtu akizoea sauti ya mwenzake kiasi cha kuweza kuandika sentensi kabla haijasemwa, halafu asubuhi moja akaamka katika nchi ya baridi asikie ukimya, huo ukimya una uzito. Miaka mitano baadaye, tarehe 14 Oktoba 1999, Mwalimu alifariki dunia huko huko Uingereza, katika mji wa London, akaletwa kuzikwa kwao Butiama. Yule aliyekuwa msaidizi wake akaishi hata mwaka 2004.

Miaka ile kumi, tangu 1994 hata 2004, ndiyo ninayoifikiria. Aliondoka wote wawili wakiwa hai. Hakungoja jeneza limwachishe kazi. Na alipoondoka alikuwa bado na maisha ya kuishi. Nyara ya Baruku ndiyo hiyo.

Tena nina neno kwa mabwana, nalo sitalipunguza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba mwajiri anayemwachisha mtu kazi, pasipo kosa la mtu huyo, atamlipa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka alioutimiza. Ni sheria njema. Lakini yasema pia kwamba hesabu hiyo haina lazima ya kupita miaka kumi. Basi yule mama wa miaka 31, sheria ilimhesabia miaka kumi, siku 70. Miaka 21 iliyobaki haikuhesabiwa na serikali. Je, nani ataihesabu? Bwana aliyeiona ikipita, mwaka kwa mwaka, ndiye ajuaye. Yeye ndiye aliyekunywa chai iliyoletwa katika miaka ile. Mtu akisema, "Nimelipa yote ninayodaiwa," naye amelipa siku 70 kwa miaka 31, amesema kweli mbele ya hakimu wa kazi. Lakini na apige magoti usiku aone kama ataweza kuisema tena.

Wala mimi sisemi fedha tu. Sheria humtaka mwajiri ampe anayeondoka hati ya kuonyesha kwamba alifanya kazi kwake. Mzee yule aliitoa hati, ikatiwa sahihi na mwanawe. Ilikuwa na tarehe mbili: ya kuingia na ya kutoka. Kama angefungua mlango wa chumba chake, akasimama pale hata dakika moja, akamwita karani wake kwa jina lake! Twawangoja wafu wetu tuwasifu kwa vipaza sauti, na walio hai twawaacha wapite korido wakiwa na mifuko ya plastiki mikononi.

Na sisi wachungaji tusijifiche nyuma ya wafanyabiashara. Mwalimu wa Injili amefundisha kipaimara miaka 20 katika mtaa mmoja, amezika, amefagia, amekwenda kwa miguu kwa wagonjwa wakati mchungaji yuko mkutanoni. Kisha yafika barua ya mistari minne ya kumhamisha au kumpumzisha, na Jumapili ifuatayo jina lake linasomwa katika matangazo, baada ya habari za mnada wa ndizi. Nimeyaona hayo. Nimewahi kuisoma barua ya namna hiyo mimi mwenyewe kwa sauti yangu, nikaendelea na tangazo lililofuata. Mwalimu yule alikuwa ameketi benchi la tatu. Baadaye nilimwendea kumwomba radhi, akanikaribisha vizuri, akaniletea maji ya kunywa, wala hatukuwa tena kama zamani.

Sasa, namna ya kuachana kwa haki, Maandiko yametuonyesha. Paulo alikuwa amekaa Efeso miaka mitatu. Alipokuwa akipita kwenda Yerusalemu, hali amejua ya kuwa hatarudi, aliwaita wazee wa kanisa la Efeso wamjie Mileto, penye bandari. Hakuwapelekea barua. Aliwaita, nao wakaja. Akasema nao waziwazi: alivyofanya kazi kati yao, na jinsi mikono yake mwenyewe ilivyomlisha, kwamba hakutamani fedha ya mtu wala vazi lake. Akawaambia pia lile lililo gumu, ya kuwa hawatamwona uso tena. Ndipo wakapiga magoti wote pamoja wakaomba. Kisha Luka aandika ya kwamba walilia sana, wakamwangukia shingoni na kumbusu, na lililowahuzunisha kuliko yote lilikuwa lile neno la kutoonana tena. Wakamsindikiza mpaka merikebuni.

Hapo sura ya 20 inakwisha, na wengi wetu hufunga kitabu hapo. Lakini mstari wa kwanza wa sura ya 21 una neno moja ambalo mwalimu wetu wa Kiyunani chuoni alitusimamisha juu yake asubuhi nzima. Luka, anapoeleza jinsi walivyoondoka, hatumii neno la kuaga tu. Atumia neno ambalo maana yake ni kubanduliwa, kuvutwa kwa nguvu, kama kitu kilichogandamana na kingine. Na tena asema "sisi". Luka alikuwamo. Yeye aliyekuwa akiandika habari zote hizi, karani wa safari, naye alibanduliwa pwani ile. Kwa hiyo, ninyi mnaofikiri kwamba Mkristo aliyekomaa huondoka na macho makavu, someni Mileto. Palikuwa na Mtume, na wazee wa kanisa, na mwandishi wa Injili, wakilia penye gati watu wakiwatazama.

Nimekumbuka hapa jambo moja. Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa Mkristo wa kanisa la Roma, aliyageuza Matendo ya Mitume kuwa utenzi wa Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1996, miaka miwili baada ya msaidizi wake kuondoka. Sijui kazi inayomlazimisha mtu kusoma polepole kuliko hiyo, kupima kila mstari kwa vidole. Na katika kitabu cha Matendo hakuna awezaye kwenda kutoka Efeso hata Yerusalemu pasipo kupita Mileto.

Yuko pia Tertio. Waraka kwa Warumi una sura 16, nayo imani yetu sisi Walutheri imesimama sana juu yake. Daktari Martin Luther alipata mwanga wake hapo. Mkono uliouandika haukuwa wa Paulo. Ulikuwa wa Tertio, naye katika waraka mzima alijipatia mstari mmoja tu, karibu na mwisho, akajitaja jina lake na kuwasalimu wasomaji katika Bwana. Paulo hakuufuta mstari ule. Mabwana wangapi wangeuacha?

Nilimrudia yule mama, nyumbani kwake Ilala, nikiwa na sura ya 45 mkononi. Safari hii sikufanya haraka. Nikamsomea ile mistari mitano, akaniomba niisome tena, nikaisoma. Kisha akauliza kama Baruku na Yeremia waliachana vizuri. Nikamwambia Maandiko yanawaonyesha mara ya mwisho wakipelekwa Misri wote wawili, tena si kwa hiari yao. Baada ya hapo habari zao zakatika. Hatuambiwi ni yupi aliyemzika mwenzake. Akanyamaza, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nitakapokufa, yeye hatajua." Sikumpinga. Nilikuwa nimejifunza.

Akanieleza ya kwamba juma lile kijana wa mzee alimpigia simu. Walikuwa wakitafuta hati ya kiwanja, wamepindua kabati zote, na yule karani mpya hakujua pa kuanzia. Mama akamwambia: faili la kijani, rafu ya pili, nyuma ya risiti za mwaka 2009. Kijana akaliona, akashukuru, akasema mzee anamsalimu. Nikamwuliza, "Nawe ukasema nini?" Akasema, "Nilimwambia amkumbushe dawa ya saa mbili." Kisha akaiweka simu chini, akaendelea kuchambua mchicha.